Kutonesha Kidonda: Jeraha la Awali katika Nahau za Kuamsha Hisia

Nahau ya Kiingereza inayotaja kuguswa kwa neva huelezea kauli inayoamsha hisia kali. Tafsiri sisisi, "kugusa neva", haitoi maana hiyo katika Kiswahili. Kisawe cha karibu ni kutonesha kidonda. Kitenzi -tonesha, sambamba na -toneka, hudokeza kuumia tena mahali palipokwisha kuumia: msemaji hakulisababisha jeraha, ameligusa tu. Kupandisha mori hutaja hasira pekee, wala hakudokezi jeraha la awali. Aliyetoneshwa kidonda aweza kulia au kunyamaza. Aliyepandwa na mori hughadhibika.

Tofauti hii ina uzito kwa watafiti wa Kividunda, lugha ya Kibantu (G38 katika uainishaji wa Guthrie) inayozungumzwa maeneo ya Kilosa na Mikumi, ambako Kiswahili kimeenea. Mtafiti akiuliza, "Kutonesha kidonda mwasemaje?", huenda akapewa tafsiri ya nahau ya Kiswahili badala ya nahau ya Kividunda. Yafaa kwanza asimulie tukio, kwa mfano mjane anayeulizwa habari za marehemu mumewe mbele ya wageni, kisha amwachie mzungumzaji achague usemi wake. Vinginevyo kamusi itahifadhi taswira za Kiswahili kwa maneno ya Kividunda.