Je, Wajua? Lulanga ya Bushi Haina Ufunguo Mmoja

Lulanga ni ala ya nyuzi ya Bashi, watu wa Bushi, wanaokaa Kabare, Walungu na maeneo mengine ya vilima yaliyo karibu na mji wa Bukavu, na umbo lake ni kipande kimoja cha mti chenye urefu wa takriban mita moja, kilichochongwa katikati kikawa na kina kidogo kama chano, kisha kikakatwa meno kwenye ncha zote mbili. Ala hii, iliyo ndugu wa inanga ya Rwanda na Burundi na wa enanga ya Wahaya wa Bukoba, huonekana kuwa na nyuzi sita, saba au nane, ilhali kwa desturi huo ni uzi mmoja tu mrefu, uliosokotwa kwa kano za ng'ombe na kupitishwa kwenda na kurudi, kutoka jino moja hadi jingine.

Kutokana na uzi kuwa mmoja, unene wake ni ule ule kila mahali, na kwa kuwa vipande vyake havipishani sana kwa urefu, sauti nene na sauti nyembamba hutokana zaidi na jinsi kila kipande kinavyokazwa, huku msuguano kwenye meno ukizuia mkazo wa kipande kimoja usihamie kwa jirani yake. Hapo fizikia ina sharti gumu: kasi ya mtetemo wa uzi hulingana na kipeuo cha pili cha mkazo, kwa hiyo ili uzi utetemeke mara mbili zaidi, yaani upande kwa oktava moja, mkazo wake hauna budi kuongezwa mara nne. Mwenye kuitengeneza lulanga hufanya kazi ndani ya mpaka huo, kati ya uzi uliolegea hata usitoe sauti na uzi unaokaribia kukatika.

Msomi wa muziki wa kisasa wa orkesta, apewapo kipande kipya, huuliza mambo matatu: mwendo, yaani mapigo mangapi kwa dakika, ufunguo, yaani sauti ipi ndiyo makao ya wimbo na sauti nyingine zimepangwaje kuizunguka, na hisia inayoamshwa kwa msikilizaji. Maswali mawili ya kwanza yana vipimo vyake, kwani metronomu, chombo cha kuhesabu mapigo, ilipewa hataza kwa jina la Johann Maelzel mwaka 1815, na sauti ya kurekebishia ala imewekewa kiwango cha kimataifa cha mitetemo 440 kwa sekunde. Lulanga haikutengenezwa kwa ajili ya kiwango hicho. Mpigaji wake ndiye pia mwimbaji, na nyuzi hukazwa zikaifuata sauti yake, hivyo wimbo ule ule waweza kusikika juu zaidi kwa mtu mmoja na chini zaidi kwa mwingine bila yeyote kukosea.

Kuhusu hisia, desturi ya kusema kwamba ufunguo wa meja ni furaha na wa maina ni huzuni haitoshi, na ushahidi ulio wazi zaidi uko ng'ambo ya mto Ruzizi, nchini Burundi, ambako mpigaji wa inanga huimba kwa kunong'ona. Mnong'ono hauna sauti ya juu wala ya chini, kwa sababu nyuzi za koo hazitetemeki, lakini muziki wa ala hubeba kidatu, yaani kiwango cha sauti kuwa juu au chini, ambacho mnong'ono umekikosa, na sikio huviunganisha viwili hivyo hata msikilizaji akadhani kwamba mtu anaimba. Utulivu mzito wa muziki huo hutokana na muungano huo wa pumzi na uzi, jambo ambalo jina la ufunguo haliwezi kulieleza.

Watunzi wa Afrika Mashariki wameyapeleka mawazo ya namna hii kwenye jukwaa la muziki wa kisasa. Justinian Tamusuza wa Uganda alitunga kipande cha ala nne za nyuzi za Kizungu akitumia misingi ya muziki wa Kiganda, ambao hugawa oktava katika hatua tano zinazokaribia kulingana, kila moja pana kuliko hatua mbili za piano na nyembamba kuliko tatu. Kundi la Kronos Quartet lilikirekodi katika albamu ya Pieces of Africa, iliyotoka mwaka 1992.

Lulanga inastahili mtunzi wa aina hiyo. Basi mwalimu wa muziki wa Bukavu atakayeiandika kwenye karatasi, asianze kwa kutaja ufunguo. Aanze kwa kupima sauti ya kila kipande cha uzi, kama mpigaji mwenyewe alivyokikaza siku hiyo.