TAHADHARI NA WANAOUZA KAZI



Msimu wa karafuu ukiwa mzuri, pesa huonekana vijijini, na wenye kuzitafuta kwa hila nao huonekana. Miongoni mwao ni wale wanaokuja na khabari za kazi Uarabuni. Husema: "Binti yako nimempatia kazi ya nyumbani Maskati. Mshahara mkubwa, chakula na malazi juu ya tajiri. Leta pesa za viza kabla ya Ijumaa, ama sivyo atachukua mwengine." Mzazi akisikia hayo huenda akauza karafuu zingali mtini, kwa bei ya kutupa.

Hatusemi kwamba kazi za huko ni uwongo. Visiwa vyetu vina jamaa Oman tangu zamani, na wako waliokwenda wakarudi na kheri. Tunalosema ni hili: kazi hainunuliwi. Mapatano Namba 181 ya Shirika la Kazi la Kimataifa, ya mwaka 1997, yameweka kanuni kwamba wakala asimtoze mtafuta kazi ada wala gharama. Mwenye kutaka mtumishi ndiye wa kutoa.

Na khasara si ya fedha tu. Mtumishi wa nyumbani huko hukaa kwa dhamana ya tajiri wake, anayeitwa kafili. Akimkimbia bila ya idhini yake, huweza kuhesabiwa mtoro. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti baada ya kuzungumza na wanawake 50 wa Tanzania waliofanya kazi Oman na Falme za Kiarabu. Wengi walinyang'anywa paspoti, wakalipwa chini ya walivyoahidiwa au wasilipwe kabisa, na wengine walifanya kazi hata saa 21 kwa siku.

Basi mtu akikujia na kazi, mpime kwa mambo haya:

Kwanza, leseni. Nenda mwenyewe Ofisi ya Kazi ya Serikali ukaulize kama wakala yule anajulikana. Usitosheke na karatasi anayokuonesha yeye.

Pili, mkataba. Usomwe kabla ya paspoti kutoka mkononi, na uwe kwa lugha aijuayo msafiri. Utaje jina la tajiri, mahali, kazi, mshahara, siku ya mapumziko, na nani atalipa tiketi ya kurudi.

Tatu, viza. Viza ya matembezi hairuhusu kazi. Anayekwenda nayo kufanya kazi amekwisha kuvunja sheria za watu, na mdhulumu wake hulijua hilo.

Nne, haraka na siri. Akisema "usimwambie mtu", au apitishwe nchi nyengine kwa kificho, mfukuzeni.

Tano, akiba ya khabari. Iachwe nyumbani nakala ya paspoti na ya mkataba, pamoja na anwani ya tajiri. Msafiri naye achukue namba ya simu ya Ubalozi wa Tanzania ulioko Maskati.

Aliyekwisha kutapeliwa asione haya. Ahifadhi stakabadhi na ujumbe wote wa simu, aende polisi. Tanzania ina sheria ya mwaka 2008 ya kupinga usafirishaji haramu wa binadamu, na mwenye kumhadaa mtu kwa ahadi ya kazi ili akatumikishwe kwa nguvu hushtakiwa kwayo.

Hakuna miongoni mwetu anayemkabidhi mtu asiyemjua gunia la karafuu kavu bila ya kupita mzanini na kupewa stakabadhi. Je, mtoto si zaidi ya gunia?

Twawaomba mliosoma maneno haya muwasomee majirani wasiojua kusoma, na wale wasiofika mikutanoni.