Uvimbe Katika Ujauzito: Mama Awahi Kupimwa

Tumbo la mjamzito linapokuwa kubwa kupita umri wa mimba, majirani husema ni mapacha. Mara nyingine husema kweli. Lakini yapo matumbo machache ambayo ukubwa wake hutokana na uvimbe. Kwa kuwa hali hiyo ni nadra, husahaulika kwa urahisi. Hivyo ni vyema wananchi wa Kata ya Kyimo wazifahamu dalili zake.

Aina ya kwanza ni uvimbe wa ovari, yaani vifuko vya mayai. Sehemu kubwa ya uvimbe huo si saratani, na mara nyingi hutoweka wenyewe kufikia wiki ya 16 ya ujauzito. Ule unaobaki huweza kujinyonga au kupasuka, na mama akapatwa na maumivu makali ya ghafla upande mmoja wa tumbo, pamoja na kutapika. Hiyo ni dharura.

Aina ya pili ni mimba zabibu. Hapa kondo la nyuma huota vibaya, likawa vifuko vya maji mfano wa kishada cha zabibu, na kwa kawaida hakuna mtoto. Dalili zake ni kutokwa na damu miezi ya mwanzo, kutapika kupita kiasi na tumbo kukua haraka. Baada ya kizazi kusafishwa hospitalini, mama hupimwa homoni ya ujauzito kwa miezi kadhaa huku akitumia uzazi wa mpango. Ufuatiliaji huo usikatizwe, kwani masalia huweza kugeuka saratani. Hata hivyo, saratani hiyo husikia dawa: tangu madaktari Min Chiu Li na Roy Hertz walipoitibu kwa methotreksati nchini Marekani mwaka 1956, wagonjwa wengi wamepona, na baadhi yao wakazaa tena.

Kipimo kikuu ni ultrasaundi, ambayo haitumii mionzi na haimdhuru mtoto. Tangu mwaka 2016, Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila mjamzito apimwe angalau mara moja kabla ya wiki ya 24.

Kuambiwa una uvimbe si lazima kuwe na maana ya kumpoteza mtoto. Upasuaji usio wa dharura hupangwa kwa kawaida baada ya wiki ya 14. Dawa za saratani huepukwa katika miezi mitatu ya mwanzo, viungo vya mtoto vinapoumbika. Baadaye baadhi huweza kutumika chini ya uangalizi wa bingwa. Tiba ya mionzi ya nyonga husubiri mama ajifungue. Iwapo ugonjwa hauruhusu kusubiri, mama ana haki ya kuelezwa yote kabla ya kuamua.

Anzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, ukiwa na kadi ya kliniki. Rufaa hupitia Hospitali ya Wilaya ya Rungwe, Makandana, kisha Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya, ambako huduma za wazazi hutolewa Meta. Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, hutoa tiba ya kibingwa ya saratani.

Akina baba, andaeni nauli mapema. Akina mama, msione haya kueleza damu wala maumivu: mficha uchi hazai.