Reli nazo zinataka 'kadi ya kliniki'!

Mpenzi msomaji, usinicheke. Mwenzenu niliumbuliwa na mjomba wangu mbele ya kadamnasi, tena kwenye geti la treni ya umeme. Mzee wa watu alikuwa amekuja Dar kutibiwa macho, nami nikajitia mjanja, nikasema namrudisha Morogoro kwa SGR aone maendeleo. Treni hiyo ilianza kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro Juni 2024, lakini yeye alikuwa akiisikia redioni tu. Reli anayoijua ni ile ya kati, ya Mjerumani, iliyoanza kujengwa hapa Dar mwaka 1905 na kufika Kigoma 1914. Huko ndiko alikokula chumvi, gengi la kutengeneza njia, mpaka akastaafu akiwa mnyapara.

Basi nikaweka simu kwenye kioo cha geti. Kile kimraba chenye madoa meusi na meupe, QR wanavyokiita, kikasomwa, ti! Geti likafunguka. Mjomba akaganda palepale, foleni nzima nyuma yetu inasonya.

"Mjomba, hicho kimejua nini?"

Nikajibu kwa maringo, "Kimejua jina lako, behewa lako na siti yako."

Akanitazama. "Mimi nitakaa juu ya reli hii chini ya masaa mawili, nina cheti. Taruma linakaa humo miaka na miaka. Cheti chake kiko wapi?"

Sikuwa na jibu. Nikamvuta mkono tupite.

Kumbe swali lile lina historia yake, na nilikuja kuisikia treni ilipoanza kuchanganya mwendo. Enzi zao, kila asubuhi gengi lilitembea kipande chake, nyundo na spana begani. Wanakaza zilizolegea, wanashindilia kokoto chini ya mataruma, wanazibua makalavati. Jioni mjomba anaandika kwenye daftari: tarehe, kilomita, kilichofanyika. Daftari likijaa linapelekwa ofisini, linafungiwa kabatini, basi.

Zikaja mvua za El Nino, 1997 kuingia 1998. Kalavati moja likapasuka ukuta upande wa chini, pale ambapo ukisimama juu ya reli huoni kitu. Wakaliziba, wakaliwekea nguzo za muda, naye akaandika kwamba lirudiwe kiangazi. Kiangazi kikaja, kikapita. (Wakubwa waliohusika majina kapuni, sitaki kesi.)

Miaka ikaenda, mjomba akastaafu. Siku moja akamwona kijana mhandisi anashuka kwenye bodaboda mlangoni kwake, kofia ngumu mkononi. Shikamoo mzee, marahaba, kisha swali: lile kalavati la El Nino ni lipi? Kule ofisini mchwa walishafanya sherehe kabatini, yamebaki majalada na unga. Mjomba, kwa kujiamini kabisa, akasema ni la tatu kutoka kwenye nguzo ya ishara. Wakachimba siku mbili. La tatu zima, utadhani limejengwa jana.

Lilikuwa la nne. Na siku zote hizo mbili treni za abiria zilikuwa zinapita juu ya hilo la nne.

Lilikuja kutengenezwa na hakuna aliyeumia. Lakini mjomba akifika hapo kwenye hadithi huwa hacheki. Anatazama nje.

Niliporudi Dar nikaanza kuulizia huyu QR ni mtoto wa nani. Alizaliwa Japani mwaka 1994, baba yake ni mhandisi Masahiro Hara wa kampuni ya Denso Wave, na kazi aliyotumwa haikuwa tiketi wala kulipia chipsi. Alitumwa kufuatilia vipuri vya magari kiwandani. Yaani tangu mwanzo kitu hiki ni cha watu wenye grisi mikononi! Ndiyo maana kilitengenezwa kivumilie uchafu: kikiandaliwa kwa kiwango cha juu kabisa cha ulinzi, hata asilimia 30 ya kimraba ikiharibika bado kinasomeka. Kile kikubwa kuliko vyote kinabeba tarakimu 7,089. Kampuni yenyewe ikaamua kutowadai watu haki zake, dunia nzima ikakidandia.

Sasa, watu wa reli wamestuka. Mwaka 2025 Wizara ya Reli ya India iliwawekea wanafunzi mtihani kwenye mashindano ya ubunifu: tafuteni namna ya kuchora QR kwa leza kwenye vifaa vya njia. Si injini, si behewa. Ni vile vibanio vya chuma vilivyopinda vinavyoshika reli kwenye taruma, na mipira inayolaliwa na reli. India inanunua vibanio kama milioni 100 kwa mwaka, na mipira milioni 85. Wanataka kila kimoja kiseme kimetoka kwa nani, kililetwa lini, garantii yake inaisha lini, kilikaguliwa lini. Kibanio kikikatika kabla ya siku zake, mhandisi anapiga simu kwenye kimraba na kumjua mwenye mzigo. Hapo wenye viwanda vya magumashi matumbo moto.

Nikampigia mjomba kumtambia. Akasema hata reli zake za zamani zilikuwa na cheti: ubavuni kuna herufi za chuma zilizoinuka, jina la kiwanda na mwaka, yeye alikuwa anazisoma kwa kidole gizani. "Lakini hiyo inakwambia reli ilizaliwa wapi, mjomba. Haikwambii imeugua nini."

Ni kweli, na hapo ndipo wengi tunapojichanganya. Kimraba kilichochorwa hakifutiki wala hakiongezwi. Kinaweza kubeba namba ya kalavati na mwaka lilipojengwa, ukasoma hata porini ambako simu haishiki mtandao. Ila ukaguzi wa jana lazima uandikwe kwenye rejista kwingine, kimraba kikuelekeze huko. Mfano ni namba ya gari na kadi yake.

"Na nani ataiandika hiyo rejista?" mjomba akauliza. Maana enzi zao walikuwepo waliojaza daftari chini ya mwembe bila kunyanyua mguu. Nikamwambia siku hizi huwezi, lazima ufike upige kimraba. Mzee akakohoa kidogo. "Nikikipiga picha leo, kesho si nitaisoma hiyo picha nyumbani?"

Jamani! Sijui kama wale wanafunzi wa India waliliwaza hilo. Dawa ipo, simu inaweza kurekodi mahali ilipokuwa wakati wa kusoma, lakini ni lazima mtu aitake dawa hiyo.

Tena kuna ugonjwa ambao kimraba hakiugusi kabisa. Tarehe 17 Oktoba 2000, huko Hatfield, Uingereza, treni iliyotoka London kwenda Leeds iliacha njia, wakafa watu 4 na kuumia zaidi ya 70. Reli ilikuwa na nyufa za uchovu. Nyufa zenyewe zilikuwa zinajulikana, na reli mpya ya kubadilishia ilikuwa imeshaletwa, imelazwa pembeni. Haikufungwa. Baada ya ajali, Railtrack, waliokuwa wenye njia wakati ule, wakajikuta hawana rejista ya maana ya kuwaambia ni wapi kwingine kuna nyufa kama zile. Wakaweka amri za kupunguza mwendo zaidi ya 1,200 nchi nzima, safari zikawa kasheshe kwa miezi. Hawa walikuwa na kompyuta, siyo mchwa.

Jumapili iliyopita nikaenda Morogoro. Mjomba akanidai cheti cha kalavati lake, eti atakibandika juu ya kitanda. Akanisimulia, nami nikawa nachapa kwenye simu: kilomita, mwaka, upande uliopasuka, nguzo ngapi. Nikaingia kwenye programu ya bure, kimraba kikatoka, nikakimbilia steshenari kukichapisha kwenye karatasi ngumu. Mjukuu wake akakisoma kwa simu bila bando, maneno yote yakajitokeza. Mwenzenu kichwa kikavimba.

Mzee akavaa miwani yake mipya, akasogeza simu mbali, akasoma taratibu mpaka mwisho.

"Mjomba," akasema, "umeandika la tatu."

Nikarudi steshenari.