Je, Wajua? Jeti ya Mtumba Hupimwa kwa Saa

Mvuvi wa Sori anayenunua mashine ya boti iliyotumika huuliza imefanya kazi kiasi gani. Mnunuzi wa jeti ndogo ya mtumba huuliza hivyo hivyo, kwa saa ilizoruka, ila yeye hudai maandishi.

Chukua mfano wa jeti aina ya Cessna Citation Mustang. Ziliundwa 479 kabla ya utengenezaji kusimama mwaka 2017, kwa hiyo anayeitaka leo hana budi kununua iliyotumika. Ina injini mbili, inaweza kurushwa na rubani mmoja, na uzito wake wa juu wa kuruka haufiki tani 4. Rangi mpya na viti vya ngozi visikuhadae. Vitabu vya kumbukumbu za matengenezo ndivyo roho ya ndege: ukurasa ukipotea, thamani hushuka. Mpe fundi asiye na uhusiano na muuzaji aikague kabla hujalipa, kisha uhakikishe haina deni la benki.

Halafu kuna mwinuko wa hapa kwetu kando ya ziwa. Karungu, uliko mji wa Sori, iko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari. Kwa vipimo vya kiwandani, Mustang iliyojaa huhitaji takriban mita 950 kuruka, lakini hiyo ni kwenye usawa wa bahari na hewa ya wastani. Hapa hewa ni nyepesi, na jua la saa nane huizidishia wepesi; njia ya kurukia inayotakiwa hurefuka sana. Kokoto za kiwanja cha ndege cha murram nazo huharibu injini. Mwenye jeti hiyo angetua Kisumu, kisha aje Sori kwa gari.