Kimboza: Joto la Bondeni, Mvua ya Mlimani

Mtu wa Morogoro mjini akitazama Uluguru huona mgongo wa mlima. Uso wake umeelekea baharini, na huko ndiko mvua inakobisha hodi.

Upepo wa Bahari ya Hindi, uwe kusi au kaskazi, huvuka nyanda za Pwani ukiwa umebeba mvuke. Kwa zaidi ya kilometa 100 haukuti kizuizi kikubwa, mpaka ufike Uluguru, ambako vilele vinapita mita 2,600. Hapo hauna budi kupanda. Hewa ikipanda hutanuka, ikitanuka hupoa, na ikipoa mvuke wake hugeuka wingu, kisha mvua. Miteremko ya mashariki hupata hata milimita 3,000 kwa mwaka; mjini, nyuma ya mlima, kwa kawaida hazifiki 1,000.

Msitu wa Kimboza uko chini kabisa upande huo wa mashariki, kando ya barabara ya Kisaki, kati ya mita 200 na 400 hivi kutoka usawa wa bahari. Vileleni kuna mvua lakini kuna baridi, na miti hudumaa. Nyanda za mbali zina joto lakini hukauka kiangazi. Kimboza imepata vyote viwili: joto la bondeni na mvua iliyoletwa na mlima. Ndiyo maana miti yake hurefuka na kusongamana.

Ardhi nayo ina sehemu yake. Miamba ya hapo ni ya chokaa, iliyoliwa na maji ya mvua hadi ikawa na mapango, ncha kali na nyufa. Majani huozea ndani ya nyufa hizo, na mizizi huyafuata humo humo. Kulima juu ya mawe ya namna hiyo ni taabu.

Juu ya miamba hiyo huota mikadi, na katikati ya majani yake marefu yenye miiba huishi mjusi kafiri mdogo, hazidi urefu wa kidole. Dume ni bluu inayong'aa. Jike ni wa kijani. Duniani kote, makazi yake ya asili ni Kimboza na vipande vichache vya misitu ya jirani. Inaniuma kwamba uzuri huo ndio uliomponza: wafugaji wa ng'ambo walimtaka, na wawindaji wakawa wanaangusha mkadi mzima ili kumpata. Tangu 2017 biashara ya kimataifa ya mijusi hao wanaokamatwa porini imepigwa marufuku. Msitu wenyewe una kilometa za mraba 4 hivi tu, na kila mkadi ulioangushwa ulikuwa nyumba.