Kuuelimisha Ubongo ili Kutibu Maumivu Sugu

Maumivu sugu, yaani yanayodumu kwa zaidi ya miezi 3, huweza kuendelea hata jeraha likishapona, kwa sababu ubongo uliozoea ishara za hatari huzipokea hisia za kawaida za mwili kana kwamba ni tishio. Hata hivyo, maumivu hayo ni ya kweli, wala mgonjwa hayabuni. Katika utafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani, uliohusisha watu 151 wenye maumivu ya mgongo, asilimia 66 ya waliofundishwa kwa majuma 4 kuyapokea maumivu hayo bila hofu walipona kabisa au karibu kabisa, ilhali miongoni mwa waliopata matibabu ya kawaida walipona hivyo asilimia 10 tu. Tiba hii ya kuuelimisha ubongo hufaa pale daktari anapokuwa amethibitisha kwanza kwamba hakuna uvimbe, maambukizi wala mfupa uliovunjika.